Habari za Sultan Khan, Fundi wa Sataranji

Michezo ya ubao ni mingi duniani, lakini ni michache iliyosafiri mbali kama sataranji. Asili yake ni Bara Hindi, yapata karne ya 6 baada ya kuzaliwa kwake Kristo. Watu wa huko waliuita chaturanga, yaani viungo vinne, kwa kuwa majeshi ya wafalme wao yalikuwa na sehemu nne: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo, na magari ya vita. Kutoka Bara Hindi mchezo ukaingia Uajemi. Na Waarabu walipoishinda Uajemi wakaupokea, wakaupenda, wakauchukua mpaka Hispania. Sisi nasi twalitumia jina lile lile kwa matamshi yetu, na kete iliyo kuu twaiita shaha, neno la Kiajemi lenye maana ya mfalme.

Lakini msafiri habaki vile alivyotoka kwao. Mchezo ulipofika Ulaya ulibadilika. Yapata mwisho wa karne ya 15, malkia, ambaye kwanza alikuwa waziri mnyonge wa kwenda hatua moja tu kwa mshazari, akapewa nguvu ya kuupita ubao mzima. Kitunda, yaani askari wa mbele, kikaruhusiwa kwenda hatua mbili kiondokapo mara ya kwanza, na shaha akapata ruhusa ya kujificha nyuma ya ngome kwa mwendo mmoja. Bara Hindi hawakuyafuata mageuzi hayo yote. Hata katika karne ya 20 wengi wa huko walikuwa wakipeleka kitunda hatua moja tu, na shaha wao, badala ya kujificha ngomeni, aliweza mara moja katika mchezo kuruka kama farasi. Basi zilikuwako sataranji mbili: ya mzazi aliyebaki nyumbani, na ya mtoto aliyekulia ugenini. Habari ninayotaka kuwasimulia ni ya mtu aliyejifunza ile ya mzazi tangu utoto wake, kisha akaenda Ulaya kucheza ile ya mtoto, akawashinda wenyeji.

Jina lake ni Sultan Khan. Wasomaji wasidhani ya kuwa alikuwa sultani. Hilo ni jina lake tu, wala hakuwa na ufalme. Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 katika Mitha Tiwana, nchi ya Punjab, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Waingereza, na leo mahali hapo pamo katika nchi ya Pakistan. Baba yake alimfundisha sataranji ya Kihindi akali mtoto wa miaka kama tisa. Alipokuwa kijana sifa zake zilifika masikioni mwa bwana mmoja mkubwa wa nchi ile, Sir Umar Hayat Khan, mwenye mashamba mengi na cheo mbele ya serikali, naye akipenda mno mchezo huu. Sir Umar akamweka Sultan Khan katika watu wa nyumba yake, akaagiza afundishwe kanuni za Kizungu. Mwaka 1928 yakafanywa mashindano ya Bara Hindi zima, na Sultan Khan akashinda michezo minane, akatoka suluhu mmoja, wala hakushindwa hata mara moja.

Mwaka 1929 Sir Umar akaenda London, akamchukua pamoja naye. Kwanza akatiwa katika mashindano madogo ili azoee, na huko mambo yake hayakuwa mazuri: alikuwa miongoni mwa waliofunga mkia. Sababu yake yafaa ielezwe, maana ndiyo mwanzo wa kuielewa habari yote.

Mchezo wa sataranji una sehemu tatu. Ya kwanza ni kufungua, kila mtu akiwatoa askari wake na kuwapanga. Ya pili ni vita vyenyewe. Ya tatu ni mwisho, kete nyingi zikiisha kuuawa, na shaha naye akishuka uwanjani kupigana. Katika kufungua, watu wa Ulaya walikuwa na elimu ya miaka mamia, imeandikwa katika vitabu: ukienda hivi, nami nikienda hivi, ukinijibu hivi, utakuwa umejitia mtegoni. Kijana wa Kizungu aliyesoma vitabu hivyo alikaa mbele ya ubao na hekima ya mafundi waliokufa zamani. Sultan Khan hakuwa na vitabu hivyo. Kila alipokaa kucheza ilimpasa kutafuta njia mwenyewe, kama mtu apitaye mwituni usiku, na mwenziwe ana taa. Tena mazoea ya utotoni yalimvuta arudi katika mchezo wa kwao, ambamo vitunda hwenda polepole na vita huchelewa kuanza.

Baada ya mashindano yale wachezaji wawili wa Kiingereza, William Winter na Frederick Yates, wakakaa naye wakamwonyesha namna za kufungua. Siku zilikuwa chache. Kisha yakaja mashindano ya ubingwa wa Uingereza, yaliyofanywa Ramsgate mwaka ule ule wa 1929. Na kwa kuwa Bara Hindi ilikuwa chini ya Dola ya Uingereza, alikuwa na ruhusa ya kushindana. Watu walitazamia atashindwa. Yalipokwisha, bingwa wa Uingereza alikuwa Sultan Khan.

Sasa nieleze mchezo wake uliosifiwa kupita yote, aliocheza Hastings wakati wa Noeli na Mwaka Mpya wa 1930 hata 1931. Aliyekaa mbele yake alikuwa José Raúl Capablanca wa Kuba. Huyu alikuwa bingwa wa dunia tangu 1921 hata 1927, na sifa yake kubwa ni kwamba haikuwa rahisi kabisa kumshinda: toka mwaka 1916 mpaka 1924 hakupoteza mchezo hata mmoja. Alipopoteza mmoja mwaka 1924 ilikuwa habari ya dunia.

Sultan Khan alicheza na kete nyeupe. Akafungua kwa utulivu, kisha akaanza kuvipeleka mbele vitunda vyake vya upande wa kuume, kimoja kimoja, kama mtu ajengaye ukuta karibu na nyumba ya jirani. Capablanca naye akazipanga ngome zake mbili katika njia moja iliyo wazi, tayari kushuka. Katika mwendo wa 21 Sultan Khan akamsogeza askofu wake akaitisha ngome mojawapo. Ndipo Capablanca akafanya shauri kubwa. Akazishusha ngome zake, moja baada ya nyingine, mpaka miguuni pa shaha wa adui, akazitoa zote mbili, akapata malkia.

Asiyeujua mchezo atasema Capablanca alifanya biashara njema, kwa maana malkia ndiye mwenye nguvu kupita kete zote. Lakini mafundi hupima nguvu za kete kwa hesabu: ngome moja huhesabiwa tano, na malkia huhesabiwa tisa. Basi ngome mbili ni kumi. Faida ni ndogo sana, nayo si ya hakika, maana yategemea mambo mawili. La kwanza, ngome zishirikiane, moja ikiilinda nyingine, kwa kuwa zikitengana malkia huzikamata moja moja. La pili, shaha wa mwenye ngome awe salama, kwa kuwa akiwa wazi malkia atamtisha huku na huku, na katika kumtisha ataokota kete zisizolindwa.

Hayo mawili ndiyo aliyoyafanya Sultan Khan. Shaha wake alikuwa katikati ya ubao, mahali pa kuogofya, lakini amezungukwa na watu wake mwenyewe. Malkia wa Capablanca akazunguka akitafuta mlango, akakuta kila mlango umefungwa. Sultan Khan hakufanya haraka. Aliziunganisha ngome zake kwanza, akaziba kila tundu, kisha akaanza kusonga mbele kidogo kidogo. Mwendo wa 30 ukapita, wa 40 ukapita, wa 50 ukapita. Malkia, aliyezoea kutamba uwanja mzima, akawa hana kazi ila kulinda. Katika mwendo wa 65 Capablanca akakubali kushindwa. Wahenga wetu wasema, simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Mchezo ule wafundisha kanuni ambayo yawafaa wote wachezao, hata wasio mafundi. Thamani ya kete haimo katika kete yenyewe tu, bali katika kazi iliyo nayo na wenzi wanaoisaidia. Malkia asiye na njia ni maskini kuliko ngome mbili zenye umoja. Na mtu aliye na faida ndogo asiikimbilie kuila. Kwanza amzuie adui asidhuru, ndipo aendelee. Watu walioitazama michezo ya Sultan Khan walisema alikuwa dhaifu katika kufungua, lakini katika kusubiri, na katika sehemu ya tatu ya mchezo, alikuwa miongoni mwa hodari wa dunia. Wala si ajabu. Katika kufungua mtu aweza kushindwa na kitabu. Mwisho wa mchezo kete ni chache, vitabu vimekwisha sema yaliyo yao, na kila mtu hubaki na akili yake.

Miaka ile mitatu iliyofuata alikutana na karibu wote waliokuwa wakubwa. Mwaka 1931 alicheza mfululizo wa michezo 12 na Savielly Tartakower, fundi mwenye sifa kubwa, akashinda minne, akashindwa mitatu, mitano ikawa suluhu. Katika mashindano ya mataifa alikalia ubao wa kwanza wa Uingereza mara tatu: Hamburg mwaka 1930, Prague mwaka 1931, na Folkestone mwaka 1933. Ubao wa kwanza ndipo kila taifa humweka aliye hodari wao, basi kila siku alikutana na simba. Huko Prague alicheza michezo 17, akashinda 8, akatoka suluhu 7, akashindwa 2 tu. Katika aliowashinda walikuwamo Salo Flohr na Akiba Rubinstein, na katika aliotoka nao suluhu alikuwamo Alexander Alekhine, bingwa wa dunia wa wakati ule. Ubingwa wa Uingereza aliupata tena mwaka 1932 na mwaka 1933. Hayo yote aliyafanya katika nchi ambayo baridi yake ilimtesa. Mara nyingi aliugua homa na koo, akaja kucheza amejifunga vitambaa shingoni.

Mwaka ule wa 1933 lilitokea jambo jingine. Katika nyumba ya Sir Umar alikuwamo msichana aliyeitwa Fatima, naye alikuwa amejifunza sataranji. Akaingia katika ubingwa wa wanawake wa Uingereza, akaushinda, akiwaacha wenziwe mbali. Basi mwaka mmoja nyumba moja ya mgeni kutoka Punjab ikawa na mabingwa wawili wa Uingereza, mwanamume na mwanamke.

Hapa yafaa tusimame kidogo, tutazame mtu mwenyewe badala ya ubao. Waandishi wa Ulaya walizoea kusema kwamba Sultan Khan alikuwa mtumishi, na tena kwamba hakujua kusoma. Mchezaji wa Marekani, Reuben Fine, alisimulia baadaye kwamba mwaka 1933 timu yao ilialikwa nyumbani kwa Sir Umar, na walipokaa mezani aliyewaandalia chakula alikuwa Sultan Khan mwenyewe. Fine alisema waliona haya kuhudumiwa na mtu ambaye wao walimheshimu kuwa fundi mkubwa. Lakini siku hizi jamaa zake Sultan Khan wamezikataa habari hizo za utumishi na za kutojua kusoma. Wasema alikuwa mtu wa ukoo wa heshima katika nchi yake.

Mimi kama mwalimu naona neno moja katika mashindano hayo ya maneno. Mara nyingi mgeni akimwona mtu asiyejua lugha yake, husema, Huyu hana elimu. Akimwona mtu anyamaze mbele ya mkubwa wake kwa adabu ya kwao, husema, Huyu ni mtumwa. Asiyesoma vitabu vya Kiingereza si lazima awe mtu asiyesoma. Na anayemtii mkubwa si lazima awe hana ukoo. Tena hata kama yote yaliyosemwa na waandishi wale yangekuwa kweli, yasingepunguza hata nukta moja katika hesabu ya Prague. Ubao hauulizi baba yako nani.

Lakini kuna jambo ambalo pande zote mbili hazilikanushi, nalo ndilo linalonihuzunisha. Safari ya Sultan Khan haikuwa katika mikono yake. Sir Umar alipokwenda London, alikwenda. Sir Umar aliporudi kwao mwishoni mwa mwaka 1933, alirudi. Alikuwa bado kijana, na nguvu zake zilikuwa zikizidi kila mwaka. Mwaka 1935 alicheza michezo kumi na V. K. Khadilkar huko Bara Hindi, akashinda tisa na mmoja ukawa suluhu. Baada ya hapo, katika mashindano makubwa ya dunia hakuonekana tena. Kazi yake yote ya Ulaya haikutimia miaka mitano.

Haki itendwe kwa kila upande. Pasipo Sir Umar, huenda jina la Sultan Khan lisingalivuka mpaka wa wilaya yake. Ni yeye aliyegharimia safari, akaita mashindano, akamtafutia waalimu. Mti haukui bila wa kuumwagilia maji. Walakini amwagiliaye maji akiondoka na mtungi wake, na mti hauna mizizi ya kufika chini, tutasemaje? Capablanca mwenyewe, akizikumbuka shida za mtu yule, aliandika kwamba kupata ubingwa katika hali kama ile ni dalili ya kipawa kisicho cha kawaida. Neno hilo ni la kweli, na ni sifa kubwa kutoka kinywani mwa aliyeshindwa. Lakini twaweza kuligeuza tukauliza: je, angefika wapi kama hali ingekuwa nyingine?

Sir Umar alifariki mwaka 1944. Sultan Khan akakaa shambani kwake kwa utulivu, akalea watoto. Mwanawe mkubwa alieleza kwamba baba yao hakukubali kuwafundisha sataranji. Aliwaambia wafanye jambo lenye manufaa zaidi maishani mwao. Wengine husoma neno hilo kuwa ni unyenyekevu. Mimi naona huenda ni hekima ya mtu aliyejua gharama. Alikuwa ameona kwamba mtu aweza kuwashinda mabingwa wa dunia, kisha asiwe na la kushika mkononi isipokuwa kumbukumbu.

Mwaka 1950 Chama cha Sataranji cha Dunia, kilichoanzishwa Paris mwaka 1924, kiliweka cheo cha Fundi Mkuu, kikawapa watu 27. Miongoni mwao walikuwamo Tartakower, Flohr na Rubinstein, wote watatu waliowahi kushindwa na Sultan Khan. Wala mtu asiseme hakupewa kwa kuwa alikuwa ameacha kucheza. Maana Rubinstein naye alikuwa ameacha mashindano tangu miaka ya mwanzo ya 1930, walakini alikumbukwa. Sultan Khan alikuwa hai, tena alikuwa na miaka mingi mbele yake, lakini jina lake halikutajwa. Alifariki mwaka 1966 katika Sargodha, Pakistan. Mwaka 2024 ndipo chama kile kilipompa cheo cha heshima cha Fundi Mkuu, miaka 58 baada ya kuzikwa kwake. Heshima ile ni njema, nasi tuwashukuru waliokumbuka. Lakini maiti hashukuru, wala hana mchezo wa kucheza.

Basi, wasomaji, tujifunze nini? Kwa wanaocheza, somo liko wazi: kaza subira, unganisha kete zako, usiogope jina la aliyekaa mbele yako. Kwa sisi waalimu na wazazi somo ni zito zaidi. Kipawa hutokea popote, hata katika kijiji kisichojulikana, hata kwa mtoto asiyejua bado lugha ya vitabu. Wajibu wetu wa kwanza ni kumpa vitabu hivyo mapema, ili asiende mwituni bila taa. Wajibu wa pili, ambao wengi huusahau, ni kumlea ili aweze kusimama bila sisi. Tukimwinua mwanafunzi kwa ajili ya sifa ya shule yetu au ya jina letu, siku tutakapochoka naye atashuka pamoja nasi.

Katika sataranji kitunda kikifika mwisho wa ubao chaweza kuwa malkia, na aliyekisukuma hufurahi kwa kuwa ushindi ni wake. Mwanadamu si kitunda. Akifika mwisho wa ubao, ushindi na uwe wake mwenyewe.